Jamvi Katikati ya Darasa

Kijiwe cha Bi Muzdalifa kipo pale inapofungwa mitumbwi, kitongoji cha Kilulani, ndani kabisa ya kata ya Mbuchi, mahali ambapo simu hushika mtandao ukisimama juu ya kisiki tu. Benchi lake ni ubavu wa mashua iliyokwishajifia, umelazwa juu ya magogo mawili ya mkandaa. Ukikaa kulia unapata kivuli, ukikaa kushoto unapata moshi wa kuni, na katikati ndiko wanakokaa wenye maneno. Jumamosi ile katikati palijaa tangu asubuhi. Alikuwepo Mzee Mtoro, ambaye kitongoji kizima kinamwita Redio, maana habari humfikia yeye kabla hazijatokea. Alikuwepo Hemedy, aitwaye Wakili, kwa sababu mwaka fulani alikaa siku tatu mahakamani Kibiti kutoa ushahidi wa kesi ya ng'ombe walioingia mpungani, akarudi na vifungu vya sheria visivyokwisha mpaka leo. Alikuwepo Twalha, fundi wa mashine za boti, aliyekaa mjini Mbagala miaka minne akarudi na jina hilo hilo, Mbagala, na kofia anayoivaa kisogo mbele. Na kule mwisho kwenye moshi, peke yake, alikaa Amri seremala, jina lake la kijiweni Randa, ameshika kikombe ambacho kahawa yake ilishapoa, anatazama mbao.

Mbao zenyewe zilikuwa kumi na nane, zimelala kwenye mtumbwi, na mtumbwi umekaa juu ya tope. Maji yalikuwa yamekupwa. Yakijaa, kabla ya adhuhuri, Amri angezipeleka kwa kijito mpaka nyuma ya shule ya msingi, akapige ukuta katikati ya chumba cha Darasa la Nne. Kamati ya shule ilikwisha kaa, ikapitisha, na Wakili mwenyewe, katibu wa kamati, ndiye aliyeandika muhtasari: ukuta wa mbao, kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi za paa, usipitishe sauti.

Maana habari yote ilikuwa ni ya sauti. Mafuriko makubwa yalipoondoka na vyumba vitatu vya shule, watoto walibanwa katika viwili vilivyobaki. Masomo mengine yakabanika. Kipindi cha dini ndicho kilicholeta kazi, maana kipindi hicho watoto hugawanyika, kila mmoja na dini yake, na pa kugawanyikia hapakuwepo. Basi wakatundika jamvi katikati ya Darasa la Nne. Upande wa mlango Ustadhi Mudathiri na watoto arobaini na kitu. Upande wa dirisha Mwalimu Atupele, mama mmoja kutoka huko Tukuyu kwenye baridi, na watoto watatu: wa kwake mmoja, wa bwana misitu mmoja, na Kolumba, binti wa nesi wa zahanati. Kila Jumatano, mwaka wa pili huu, dini mbili zinasomeshwa chumba kimoja na katikati yake ukindu mtupu.

— Na siye wazee tumekaa kimya, alisema Redio, akipuliza kahawa. Miye mjukuu wangu juzi namtuma maji, anakwenda kisimani anaimba Baba yetu uliye mbinguni. Anaimba na pozi!

— Ulimfanyaje? aliuliza Bi Muzdalifa, huku akichochea mkaa chini ya birika.

— Nilimwambia anyamaze. Akanyamaza. Halafu nikajikuta naimba miye.

Kijiwe kikacheka. Wakili hakucheka.

— Na wa nesi je? Yule Kolumba, alisema. Alhamdu anaijua mpaka mwisho, na tajuwidi yake imenyooka kuliko ya wengine hapa ambao sitawataja. Nesi kaja kulalamika kamatini. Kwa heshima, hakupiga kelele, lakini kalalamika. Kifungu cha kumi na tisa kinasema kila dini ina haki ya hewa yake.

— Hewa? Mbagala aliuliza.

— Hewa. Sauti inasafiri kwenye hewa, au nyiye Mbagala inasafiri kwenye daladala?

— Sawa, Wakili. Lakini hayo ni ya zamani. Tuongee ya Jumatano. Jumatano ndiyo noma.

Amri aliposikia Jumatano, akainamia kikombe. Alikuwa akiomba tangu asubuhi wasifike huko, na alijua watafika, kwa sababu tangu siku hiyo hapakuwa na mazungumzo mengine Kilulani.

Kilichojulikana na wote kilikuwa hiki. Jumatano, kipindi cha dini kinaendelea, sauti za pande zote mbili zimepamba moto kama kawaida, ghafla chumba kizima kilinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa akianika mpunga ng'ambo ya uwanja alisema ukimya ule ulimfanya aache kazi. Baadaye kidogo Ustadhi Mudathiri akatoka nje, kofia mkononi, kichwa wazi, akaenda kusimama kwenye mikoko akiwapa watu mgongo. Mwalimu Atupele naye akawafungulia watoto wote, wake na wa mwenzie, na kengele haijagongwa. Ilisemekana kuna mtoto aliuliza swali. Watoto walipohojiwa majumbani wakasema hawajui, na wakilazimishwa, wanalia. Ndipo kamati ikaitishwa usiku huo huo, na ndipo zikatafutwa mbao.

— Miye nawaambia kilichotokea, alisema Redio. Mwalimu Atupele alipandisha wimbo. Wale watu wa milimani wana mapafu, wamezaliwa kwenye mwinuko. Akapandisha, akapandisha, Ustadhi yuko katikati ya aya, ikamponyoka. Mtu wa watu miaka ishirini anasomesha, aya inamponyoka mbele ya watoto! Weye ungevaa kofia?

— Mzee, hiyo siyo, alisema Mbagala. Hiyo ni masafa. Sikiliza. Stesheni mbili ukiziweka masafa mamoja, zinauana. Si inatoka moja kidogo na nyingine kidogo, hapana, zinauana, unabaki na shhhh. Sasa watoto arobaini huku, watatu kule, zikafika mahali zikalingana. Paap. Kimya.

— Arobaini watalinganaje na watatu?

— Mapafu ya milimani, si umesema mwenyewe?

Redio akaridhika, maana hoja yake ilikuwa imerudi na nguvu mpya. Akasogea mbele, akashusha sauti kama mtu anayetaka kusema jambo la serikali.

— Sasa niwaambie la ndani. Lile jamvi. Nani kalisuka?

Mbagala akabetua mabega.

— Nani kalileta?

— Si tulilikuta kwenye mikoko, alisema Wakili. Baada ya maji kushuka. Nililishusha mimi na Mzee Sadala, mwenyekiti wa kamati.

— Haya! Kumbe! Jamvi limening'inia kwenye mikoko, halina mwenyewe. Limeteremka na maji kutoka juu, labda Mloka, limepita na viboko, limepita na mamba, limepita juu ya makaburi ya watu tusiowajua. Mnalichukua, mnalitundika darasani, mnasomea dini pande zote mbili. Mnategemea nini? Jamvi lile lina wenyewe ndani yake. Siku zote linasikiliza. Jumatano likajibu.

Hapo hata Mbagala aliyeishi mjini akavuta miguu juu ya benchi. Bi Muzdalifa akatikisa kichwa, akawajazia vikombe.

— Jamvi likijibu, alisema, litajibu kwa lugha gani, Mzee Mtoro? Kindengereko?

— Usicheke, Bi Muzdalifa. Usicheke kitu kilichokuja na maji.

Amri alilijua jamvi lile vizuri. Ndiye aliyepigilia misumari ya kulitundikia. Lilikuwa jamvi la kawaida, ukindu wa kawaida, pembe moja imeunguzwa na moto huko lilikotoka. Lakini Redio aliposema lilikuja na maji, aligeuzia uso kijitoni, maana yeye naye alikuwa na mtu aliyekwenda na maji yale, na tangu siku ile hajalitamka jambo hilo kwa mdomo wake, si kijiweni wala nyumbani.

— Mimi nina yangu, alisema Mbagala, naye sasa kapata moto. Somo lenyewe lilikuwa lipi Jumatano? Mnajua? Nuhu. Pande zote mbili. Bahati tu, huku Ustadhi kafika kwa Nuhu, huku Mwalimu kafika kwa Nuhu. Mnaona? Mara mbili Nuhu, chumba kimoja, na jamvi la mafuriko katikati. Sasa jiulizeni, safina ilikwama wapi?

— Mlimani, alisema Wakili. Iko wazi.

— Mlima gani? Nani kauona? Mazee, tazameni hapa. Maji, matope, visiwa, mito inagawanyika kama vidole. Hapa ndipo gharika ilipomalizikia! Delta hii ni maji ya Nuhu ambayo hayajaisha kukauka. Safina ilikwama Mbuchi. Na ile miti, mikoko, mikandaa, misinzi, mnadhani ilitoka wapi? Safina ilichipua!

Redio akashika kichwa kwa mikono miwili. Wakili akatoa mfukoni kalamu na kikaratasi cha muhtasari.

— Ikiwa ni hivyo, alisema polepole, basi tunayo hoja ya hatimiliki. Kifungu cha arobaini na moja. Chombo kikikwama kwenye kata kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, kata inamiliki.

— Randa! aliita Mbagala. Weye fundi. Safina ungeijenga kwa mti gani? Mtondoo?

Amri alinyanyua uso. Wote walikuwa wanamtazama. Ingemtosha kusema mtondoo, wakacheka, wakaendelea.

— Kwa mti wowote, alisema, isingetosha.

Lilikuwa jibu la ajabu na kijiwe hakikujua la kulifanyia. Kwa bahati wakati huo huo mtu alikuwa akija kwenye tope, kaikunja suruali mpaka magotini, matenga mawili matupu begani. Alikuwa Ashrafu, mnunuzi wa kaa kutoka Kibiti, ambaye huja mara moja kwa mwezi na huwa hakai. Siku hiyo boti yake ilikwama kama mbao za Amri, akisubiri maji. Akasalimia, akaitikiwa, akapewa kikombe na kipande cha kashata, akakaa katikati kabisa, maana hakujua desturi ya benchi.

Wakamwagia habari zote kwa pamoja. Ukimya, kofia, mapafu ya milimani, masafa, jamvi lenye wenyewe, safina iliyochipua, hatimiliki. Ashrafu alisikiliza kwa adabu ya mgeni, akitafuna kashata, akigeuza shingo huku na huku. Walipomaliza, akafuta mdomo.

— Sawa, alisema. Na huyo mtoto aliuliza nini?

Redio akafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama Wakili. Wakili akaitazama kalamu yake. Mbagala akaivua kofia, akaitazama ndani kama jibu limeandikwa humo. Tangu Jumatano walikuwa wanakesha na jambo hili, kamati imekaa, muhtasari umeandikwa, miti imepasuliwa mbao, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na habari ya lile swali lenyewe.

— Ilisemekana ni swali gumu, alisema Redio.

— Gumu vipi?

— Gumu tu.

Bi Muzdalifa aliliweka birika chini. Hakumtazama mgeni, alimtazama Amri, na Amri akaelewa kwamba mama huyu alikuwa anajua tangu asubuhi. Alimwona Jumatano akirudi kutoka shuleni na futi mkononi, akapita kijiweni bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amfahamu.

— Fundi, alisema Bi Muzdalifa taratibu. Si ulikuwepo weye?

Amri aliona aibu, kisha aibu ikaondoka, ikaja woga, kisha hata woga ukamchosha. Akakiweka kikombe kwenye benchi.

— Nilikuwepo, alisema. Nilikwenda kutazama kenchi, maana Mwalimu Mkuu alisema kuna moja imeliwa na mchwa. Nikasimama nje, dirishani, nyuma ya kina Mwalimu Atupele. Sikutaka kuingia na kipindi kinaendelea.

— Na hukusema! alilalamika Redio, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa.

— Mzee Mtoro, mwache aseme, alisema Wakili. Na lilikuwa jambo la kustaajabisha, Wakili kumtaka mtu mwingine aseme.

— Ustadhi alikuwa anawaeleza Nuhu na mwanawe. Yule kijana aliyekataa kupanda, akasema nitakwenda mlimani mlima utanikinga, wimbi likapita kati yao. Huku nako Mwalimu Atupele kashafika kwenye njiwa. Basi upande wa Ustadhi akasimama mtoto. Akasema, Ustadhi, wale waliobaki, safina ilirudi kuwachukua?

Hakuna aliyekunywa.

— Ustadhi akanyamaza. Mimi simwoni, nalisikia jamvi tu linacheza kwa upepo. Nikajua anatafuta. Si mtu wa kumdanganya mtoto, Ustadhi Mudathiri, nyote mnamjua. Akatafuta, akatafuta. Na huku upande wa pili Mwalimu Atupele naye kaacha kusoma, kidole chake kiko kwenye ukurasa, namwona mimi. Ndipo yule Kolumba, binti wa nesi, akasogeza mdomo karibu na jamvi, akasema, Huku kwetu nako haikurudi. Tumetazama mpaka mwisho.

— Masha Allah, alisema Bi Muzdalifa, na akakaa chini, yeye ambaye hakai kijiwe kikiwa na watu.

— Hakusema kwa kushindana, aliendelea Amri. Ungemsikia. Alisema kama mtu anayempa mwenzie pole. Alikuwa kamtafutia. Wakati Ustadhi anatafuta kwa kichwa, yeye upande wa pili alikuwa anafunua kitabu chao, amtafutie mwenzie ambaye hamwoni, kama labda kule kwao safina ilirudi. Na hakuona. Akaja kumwambia.

Mbagala akajikumbatia, na jua lilikuwa kali. Redio machozi yalikuwa yamemjaa na hakuyafuta, kwa kuwa hakujua kama yapo. Walikuwa wametengeneza majini na safina na masafa, na kumbe darasani kwao, kwenye chumba kile cha bati kilichopinda, watoto wawili wa miaka tisa walikuwa wamesimama mahali ambapo wao wazee hawajawahi kufika, wakishikana mikono kupitia ukindu.

— Ndipo pakawa kimya? aliuliza Wakili.

— Bado. Yule mtoto wa kwanza hakukaa. Akasema tena, taratibu, lakini wote tulimsikia. Akasema, Baba yangu alirudi.

Amri akaishia hapo. Na hakukuwa na haja, maana kila aliyekaa pale aliyezaliwa Kilulani alikwishajua mtoto ni nani. Ni Maimuna wa Amri. Maimuna ambaye tangu mafuriko anaongea kama mtu anayehesabu maneno. Darasani haulizi, nyumbani haulizi, na jina la bibi yake halijamtoka hata siku moja.

Ashrafu peke yake ndiye asiyejua. Alikuwa mtu mwema na alikuwa ameguswa, akauliza kama ambavyo mtu yeyote angeuliza.

— Na huyo baba mtu, aliporudi, alimkuta aliyemwacha?

Redio, ambaye ana jibu hata la swali ambalo halijaulizwa, aliitazama miguu yake. Wakili alikikunja kile kikaratasi cha muhtasari mara mbili, mara tatu, mpaka kikawa kama kidonge. Waliojua, walijua, lakini jibu lile halikuwa lao. Kwa miaka miwili Kilulani yote ilikuwa ikipita kando ya jambo hilo, kila mtu akidhani anamsitiri Amri, na Amri akidhani wanamlaumu.

Bi Muzdalifa aliinua birika, akalitikisa. Halikutoa sauti.

— Kahawa imekwisha, alisema, kwa sauti ya kumpa mtu nafasi ya kuondoka.

Amri hakuondoka.

— Sikumkuta, alisema.

Alishangaa jinsi neno lilivyotoka jepesi. Akaendelea, akimtazama mgeni, maana ilikuwa rahisi kumwambia mtu ambaye hakuwepo.

— Tulikuwa shambani, kwenye dungu, tunalinda mpunga. Maji yalikuja asubuhi, yakapanda nguzo mpaka karibu na sakafu ya dungu. Nilikuwa na mtumbwi mdogo, wa watu watatu ukijikaza. Mke wangu Habiba, mdogo wake Maimuna mgongoni, Maimuna, na mimi mwenye kafi. Mama yangu akasema, nendeni, mimi nimekaa hapa mafuriko mengi, utanirudia. Maimuna alikuwa anamng'ang'ania, nikambandua vidole kimoja kimoja. Niliwafikisha pakavu, nikageuza, nikapiga kafi mpaka viganja vikachunika. Nilipofika palikuwa na ncha za nguzo tu. Nikazunguka mpaka jua likazama. Khitma tuliisoma bila kaburi.

Pole isingetosha. Neno lilikuwa dogo mno.

— Tangu siku ile, alisema Amri, mtoto akinitazama, nilikuwa najua anachokiona. Anamwona mtu aliyembandua vidole. Nilijua hivyo, nikalala nalo, nikaamka nalo, miaka miwili. Kumbe alichokuwa akikiona kwangu ni kingine. Alikuwa ananipima na Nuhu, jamani. Na akaniona mimi nimerudi.

Hapo akalia, mbele ya watu, seremala mwenye mikono kama magome, na hakujificha uso. Furaha na majonzi vilikuwa vimekaa pamoja ndani yake na hakuweza kuvitenganisha, wala hakujaribu.

Kijito kilikuwa kimeanza kujaa. Maji yaliingia taratibu chini ya mtumbwi, mtumbwi ukatikisika, ukainuka. Mbagala ndiye aliyeona kwanza, na kwa mara ya kwanza maishani hakupiga kelele.

— Fundi, alisema, maji hayo. Tunapeleka mbao?

Wakili akakohoa. Wote walimgeukia, maana ndiye kamati, ndiye muhtasari, ndiye aliyeandika usipitishe sauti kwa mkono wake na akapiga mstari chini yake. Alitaka kusema kifungu. Ilionekana wazi usoni anakitafuta, kama Ustadhi Mudathiri alivyotafuta, na kama Ustadhi hakukipata.

— Nesi ana haki, alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Na mzazi wa Kiislamu ana haki. Mtoto wangu naye nataka ajue dini yake, asichanganye. Hilo bado lipo, fundi. Halijaondoka.

— Halijaondoka, alikubali Amri. Mimi mwenyewe nataka Maimuna ajue dini yake. Sina jibu la hilo, Wakili. Labda mjenge vyumba vile vitatu, nitapiga kenchi bure. Lakini ukuta huu mimi sipigi. Mwambie Mzee Sadala. Kama mnataka mtu, yuko fundi Nyamisati, mzuri, ana msumeno wa mashine. Mimi nikiusimamisha, kila msumari nitamsikia yule binti wa nesi nyuma yake.

Wakili alikitazama kile kidonge cha karatasi kiganjani, akakirudisha mfukoni.

Amri akasimama. Hakushika njia ya kijito wala ya kwa Mzee Sadala. Alishika njia ya mpungani, ambako siku za Jumamosi watoto hupelekwa kufukuza ndege.

— Unakwenda wapi sasa, na maji yamejaa? aliuliza Redio.

— Kwa Maimuna, alisema Amri. Hajui kwamba nilikuwa dirishani.